Diskasheni inayofundisha

Katikati ya miaka ya 1970, katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, wanafunzi wengi weusi walikuwa wakianguka somo la kalkulasi, wakiwemo waliokuwa vinara wa shule zao za sekondari. Wenzao wenye asili ya Kichina walifaulu. Wahadhiri walikuwa na maelezo tayari: bidii ndogo, msingi mbovu, wazazi wasiojali.

Uri Treisman, aliyekuwa akisomea shahada ya uzamivu, alifuatilia wanafunzi 20 wa kila kundi hadi mabwenini. Maelezo yote hayo yaliporomoka. Weusi walisoma saa 8 kwa wiki kama walivyoelekezwa, ila kila mtu kivyake. Wachina nao walianza kila mtu peke yake, kisha jioni wakakutana, wakala pamoja na kulinganisha majibu. Aliyepata jibu tofauti na wenzake alijua arudie kazi. Swali lililowashinda wote lilijulikana kuwa gumu kweli, na hakuna aliyejiona mjinga.

Treisman akaanzisha vikundi vya kazi kwa ajili ya wanafunzi weusi. Hakuwapa masomo ya kuziba mapengo. Aliwapa maswali magumu kuliko ya darasani. Walioshiriki walifanya vizuri zaidi ya weusi wenzao wasioshiriki.

Funzo hili, kwamba watu hujifunza wanapolinganisha fikra zao, linapotoshwa kirahisi. Wapo wanaotaka kila mtoto abandikwe aina yake ya kufikiri, huyu wa kuona, yule wa kusikia, afundishwe hivyo tu. Harold Pashler na wenzake walipopitia tafiti mwaka 2008 hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba kufundisha kwa mpangilio huo kunasaidia. Tofauti za kufikiri zina faida pale zinapokutana: mmoja anachora umbo, mwingine anaandika mlinganyo, na wote wanalazimika kueleza kwa nini.

Diskasheni nyingi za sekondari zetu haziko hivyo. “Kichwa” wa darasa anakokotoa ubaoni, wengine wananakili na kuitikia kwamba wameelewa. Kesho swali likigeuzwa kidogo, wamekwama. Kila mmoja angepaswa kufika akiwa na jaribio lake, hata kama ni la makosa.

Mwalimu mwenye darasa lililofurika hahitaji vifaa vipya kwa hilo. Anahitaji maswali mawili matatu yasiyojibika kwa kufungua daftari, na ruhusa ya mkuu wa shule kuyatumia kipindi kizima, hata silabasi ikiwa inamkimbiza.