Ngorongoro na Tamko Tuliloliunga Mkono: Ridhaa Ndiyo Kipimo

Tarehe 13 Septemba 2007, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha Tamko la Haki za Watu wa Jamii za Asili. Marekani, Kanada, Australia na New Zealand zilipinga. Nchi 11 hazikuegemea upande wowote, zikiwemo jirani zetu Kenya na Burundi. Tanzania iliunga mkono. Je, kura ile ilitufunga kwa lipi?

Tamko hilo lilijadiliwa kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka 1989 aliyekuwa mbunge wa Ngorongoro, marehemu Moringe ole Parkipuny, alisimama mjini Geneva akawasemea wafugaji na wawindaji wa Afrika, ambao hadi wakati huo hawakuwa na msemaji katika kikao kile.

Kikwazo kikubwa kilijitokeza Novemba 2006, pale nchi za Afrika, Namibia ikiwa mbele, zilipofanikiwa kuahirisha kura. Zilihoji: nani mwenyeji wa asili ilhali Waafrika sote ni wenyeji? Je, makabila hayatadai kujitenga? Mei 2007, Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilijibu kwamba kwetu suala si nani alitangulia kufika, bali ni jamii ambazo maisha yao yamefungamana na ardhi na zimeachwa pembeni. Kisha Ibara ya 46 ikaongezewa maneno ya kulinda umoja wa nchi. Hofu ya kujitenga ikapata jawabu.

Kwa hiyo, anayesema leo kuwa “sote ni wenyeji” hajajibu swali lenyewe. Ibara ya 10 inakataza kuwahamisha watu kwa nguvu, na inataka ridhaa ya hiari, itolewe mapema na kwa kuelewa, pamoja na fidia ya haki.

Tangu mwaka 2022 wakazi wa Ngorongoro wamekuwa wakihamishiwa Msomera, wilayani Handeni. Serikali inasema wanahama kwa hiari na kwamba lengo ni kuihifadhi Ngorongoro. Baadhi ya wakazi wanasema huduma za jamii zilipunguzwa hadi kubaki kukawa kugumu. Agosti 2024 waliandamana, na Desemba Rais Samia Suluhu Hassan alikutana na viongozi wao na kutangaza tume 2, ya ardhi na ya zoezi la kuhama. Kuwasikiliza ni jambo jema. Lakini ridhaa huombwa kabla mtu hajafunga mizigo.

Sisi wa Sinza tusidhani hayo ni ya Wamasai peke yao. Bomoabomoa ya mwaka 2017 ilipita Kimara, jirani zetu wa Barabara ya Morogoro. Aliyebomolewa anajua tofauti ya kushauriwa na kuarifiwa.

Ni kweli, Tamko si mkataba wenye nguvu ya sheria. Lakini Muislamu anajua uzito wa ahadi, na Mtume (s.a.w.) ameonya vikali juu ya kuchukua hata shubiri ya ardhi kwa dhulma. Basi kila tunaposikia watu wanahamishwa, Masai au Mzaramo, tuulize: waliulizwa lini, walielezwa nini, na je, waliweza kukataa wakabaki salama?

Wallahu a'lam.