Ni chembe gani tunazohesabu?

Katika hesabu za moli, kwenye oksijeni ndipo vijana wengi wa sekondari wanapopotea. Chukua gramu 16 za gesi ya oksijeni. Wengi wataandika moli 1 papo hapo. Sivyo! Katika gesi hiyo atomi zimeungana mbili mbili, kwa hiyo moli moja yake ni gramu 32, na gramu 16 ni nusu moli tu: molekuli 3.01 × 10²³. Ukiulizwa atomi, zidisha kwa mbili, unapata 6.02 × 10²³. Swali likitaja "chembe" bila kusema ni chembe gani, mwanafunzi anaonewa. Chumvi ya mezani nayo ina lake: gramu 58.5 ni moli moja, lakini ikiyeyuka kwenye maji inatoa moli mbili za ayoni, moja ya sodiamu na moja ya kloridi. Walimu wenzangu, tusiwaachie watoto waruke kutoka gramu hadi idadi ya chembe. Wagawanye kwanza gramu walizopewa kwa gramu za moli moja wapate moli, ndipo wazidishe kwa namba ya Avogadro, yaani 6.02 × 10²³, na kila hatua waandike kipimo chake.