Mashua Kuukuu kwa Bahari Iliyochafuka: Vijana Wetu Wanunue Ipi?



Baadhi ya vijana wetu walioko Uingereza, wanafunzi na wale walioanza kazi, wamejifunza kuendesha mashua za matanga na sasa wanachangishana fedha wapate ya kwao. Jambo hili limeingia majumbani kwa sura ya ugomvi. Wazazi wanasema bahari ile ni baridi na haina huruma. Vijana wanasema wameona mashua nzuri, kubwa, inauzwa bei rahisi. Sisi tunaona wazazi wana haki ya kuogopa, na vijana wana haki ya kutaka. Lakini kabla ya kuvutana tuulizane kwanza: mashua gani, na baada ya kuinunua mfukoni kutabaki nini?

Msimamo wetu ni huu. Inunuliwe mashua ndogo, kuukuu, nzito, ya aina ambayo bahari imekwisha kuijaribu, tena kwa nusu tu ya fedha zilizopo. Nusu ya pili itaingia katika mashua hiyo hiyo kabla haijatoka bandarini. Mwenye kumaliza fedha zake zote siku ya kununua amenunua chombo asichoweza kukitengeneza.

Tunasema hivyo kwa sababu bahari ya kule si ya kuchezea. Katika Mlango wa Uingereza na Bahari ya Ireland maji hujaa na kupwa kwa nguvu nyingi, na mkondo ukikutana na upepo unaotoka upande wa pili, mawimbi husimama wima na kufuatana karibu karibu. Mashua haipati nafasi ya kupumua. Agosti 1979, katika mashindano ya Fastnet, mashua 303 ziliondoka na dhoruba ikazikuta njiani baina ya Uingereza na Ireland. Washindani 15 walikufa. Mashua 24 zilitelekezwa na mabaharia wake, lakini zilizozama ni 5 tu; nyingi katika zile zilizoachwa zilikutwa baadaye zikielea. Na miongoni mwa waliokufa wamo waliokwisha kuiacha mashua na kuingia katika chelezo cha mpira. Wazazi, jambo hili tulizingatie vizuri: maadamu mashua bado inaelea, mahali pa salama zaidi kwa kawaida ni ndani yake.

Na katika daraja la mashua ndogo kuliko zote, ni moja peke yake iliyomaliza safari ile. Jina lake Assent, ya aina ya Contessa 32, mchoro wa David Sadler, iliyojengwa na Jeremy Rogers. Ni chombo chembamba, cha futi 32, na karibu nusu ya uzito wake wote ni farumi iliyomo kwenye mkuku. Hapo ndipo ilipo siri. Wimbi kubwa likiipiga mashua ubavuni laweza kuipindua hata kama nahodha ni hodari. Linalotofautisha ni itarudi upesi namna gani. Mashua nyembamba yenye uzito mwingi chini hujiinua yenyewe. Mashua pana na nyepesi, ambayo bandarini hupendeza kama sebule, inaweza kutulia juu chini kwa muda mrefu kuliko pumzi ya mtu.

Kwa hiyo muuzaji anapowatembeza vijana ndani ya chombo kipana chenye vitanda sita na jiko la kupendeza, waulize farumi ni kiasi gani.

Contessa 32 bado inasakwa, na bei yake haishuki kirahisi. Kwa mfuko mdogo tungependekeza ndugu yake mdogo, Contessa 26, yenye mkuku mrefu na usukani ulioshikamana nao nyuma. Mwaka 1985 Tania Aebi, msichana wa miaka 18, aliondoka New York na mashua ya aina hii, akaizunguka dunia na kurudi mwaka 1987. Ipo pia Albin Vega ya Uswidi, ya futi 27, ambayo zilijengwa zaidi ya 3,000, ndiyo maana haikosekani sokoni. Matt Rutherford aliizunguka Amerika yote, ya kaskazini na ya kusini, peke yake bila kutia nanga, kwa siku 309, akamaliza mwaka 2012. Mashua yake ilikuwa Vega kuukuu. Chombo kama hiki hupatikana kwa paundi elfu kadhaa, taslimu, bila mkopo wala riba.

Raha msiitafute humo. Ndani ya Contessa 26 mtu mrefu hasimami wima, na upepo ukikaza maji ya chumvi yatamfikia kila mtu. Baba mwenye mke na watoto watatu haimfai. Huyo tungemwelekeza kwenye Westerly Centaur, yenye mikuku miwili, ambayo maji yakipwa husimama yenyewe juu ya tope. Humo mna nafasi, na watoto watashuka kuokota kaa. Achunguze tu pale mikuku inapoungana na mwili, maana zile za mwanzo zilihitaji kuimarishwa, na achague siku za upepo mzuri. Safari za bahari chafu awaachie wengine.

Ama kuhusu ukaguzi, hapa hatuna mjadala. Mashua ipandishwe nchi kavu na mkaguzi alipwe na mnunuzi mwenyewe, asiletwe na muuzaji. Lakini kabla ya kumwita, vijana wanaweza kuondoa nyingi zisizofaa kwa macho na mikono yao. Pigapigeni sitaha kwa mpini wa bisibisi: sitaha nyingi zina mbao nyepesi katikati ya faibaglasi, na palipoingia maji sauti hubadilika ikawa butu. Tazameni vali za matundu yaliyo chini ya maji, mzikwaruze kidogo. Shaba iliyogeuka rangi ya waridi imekwisha oza, na vali ikikatika baharini maji huingia kama mfereji uliofunguliwa. Malengelenge madogo kwenye faibaglasi hutisha kwa sura, ila mara nyingi hayazamishi mtu. Yatumieni kupunguzia bei.

Nyaya za chuma zinazoshika mlingoti ndizo za kuogopwa zaidi, kwa kuwa huoza kwa ndani, kwenye vichwa vya kufungia, huku nje zinang'aa. Makampuni mengi ya bima hutaka zibadilishwe zikifika miaka 10 hadi 15. Kama muuzaji hana karatasi ya kuonyesha zilifungwa lini, hesabuni kuwa ni za kubadilisha. Injini nayo msidanganywe na rangi mpya. Ije ikiwa baridi, iwashwe mbele yenu, moshi uangaliwe. Dizeli mpya pamoja na ufundi wa kuifunga yaweza kupita bei ya Vega nzima, na hapo ndipo ile nusu ya pili ya fedha inapojulikana kazi yake. Humo humo mna matanga, majaketi ya kuokolea, redio na pampu ya ngama.

Mwisho, msinunue Aprili, wakati kila mtu ana hamu ya bahari. Nendeni Oktoba au Novemba, mwenye mashua anapofikiria gharama ya kuiweka yadi majira yote ya baridi. Wakati huo hata asiyependa kupunguza bei husikiliza.