Picha Ikikatika, Msikimbilie Dekoda Mpya

Swali la mwezi huu limetoka mbali kidogo, kwa dada yetu mmoja aliyeondoka hapa kambini akaenda kupanga chumba Bugolobi, Kampala, yeye na watoto wake. Alitupigia simu. Televisheni yake mchana inaonyesha vizuri tu, lakini ikifika saa moja jioni, wakati wa habari, picha inapasuka vipande vipande, sauti inakwama, halafu kioo kinakuwa cheusi. Fundi wa kwanza akamuuzia busta, mambo yakazidi. Wa pili akasema dekoda imekufa, anunue nyingine. Na pesa aliyokuwa nayo ndani ilikuwa ya karo! Tukamwambia mama, ngoja, usitoe hata shilingi, tunakuja huko kwa shughuli zetu, tutapita.

Si mnakumbuka televisheni za zamani? Picha ilikuwa na chenga, tena na kivuli, lakini mtu aliangalia mpira hivyo hivyo. Kampala mitambo hiyo ilizimwa Juni 2015, kwa kufuata makubaliano ya nchi nyingi yaliyofanyika Geneva mwaka 2006. Digitali haina chenga. Dekoda ikipata mawimbi ya kutosha inatoa picha safi kabisa. Yakipungua kidogo tu chini ya hapo, inashindwa. Kwa hiyo picha kukatika si kufa kwa dekoda. Iliyokufa mara nyingi haiwaki, au haifungui hata menyu. Ya dada yetu ilikuwa safi mchana kutwa. Sasa mfu gani huyo anayefufuka kila asubuhi?

Tulipofika tukakuta antena imefungwa barazani, chini ya mabati, na mbele yake kuna ghorofa. Tukafungua menyu ya dekoda. Imeandikwa Kiingereza, mtoto wake akatusomea. Kuna mistari miwili: mmoja ni nguvu ya mawimbi, wa pili ni ubora wake. Wa nguvu umejaa pomoni, wa ubora uko chini. Hapo tukaitazama ile busta. Kutoka Bugolobi mpaka mlingoti wa Kololo hata kilomita 5 hazifiki, mawimbi yanafika na nguvu yake. Busta inakuza kila kitu, na makelele pia, dekoda inakuwa kama mtu anayepigiwa ngoma sikioni. Tukaichomoa. Mstari wa ubora ukapanda.

Antena tukaitoa chini ya bati, maana bati ni chuma, linazuia mawimbi. Tukaifunga kwenye mti mrefu pembeni, mahali ghorofa halizibi, ikatazama Kololo, upande wa magharibi. Tuliigeuza polepole, kidogo, tunasubiri sekunde chache, mtoto anasoma namba, tunageuza tena. Ukizungusha haraka hutajua ilipokuwa nzuri.

Lakini kwa nini jioni? Hapo tulibaki tunakuna kichwa. Tukapewa chai, tukakaa. Mbu wakaanza, mama akafunga mlango, na picha ikakatika pale pale! Kumbe waya wa antena ulipita mlangoni, kila jioni mlango unaubana. Tulipouchuna, shaba ya ndani ilikuwa karibu kukatika. Mbele kidogo kulikuwa na kiungo cha kusokota kwa mkono na plasta, maji yameingia, shaba imekuwa kijani. Tukanunua waya mwingine, kipande kimoja bila kiungo, tukaupitisha dirishani. Jioni ile tuliangalia habari mpaka mwisho, mlango umefungwa, na karo iko mahali pake.

Huku kwetu kambini mambo ni tofauti kidogo, kwa sababu mlingoti uko mbali. Hapa busta inaweza kusaidia, lakini ikae juu karibu na antena, siyo nyuma ya televisheni baada ya waya mrefu kumaliza mawimbi. Antena iwe ile ya vijiti vifupi, vya sentimita 20 mpaka 30 hivi. Mti wa antena uwe mbali kabisa na nyaya za umeme, na vijana wasipande bati lenye maji. Radi zikianza, chomoeni waya wa antena na wa moto mapema, kabla mvua haijafika. Wenye dishi wajue kwamba mvua kubwa inakata picha hata kama kila kitu ni kizima, wangoje ipite.

Na fundi akikuambia dekoda imekufa, ipeleke kwanza kwa jirani mwenye dekoda ya aina hiyo hiyo, chomeka kwenye waya wake. Ikionyesha kwake, rudi nyumbani ukague waya wako. Kama kweli ni mbovu, ile mpya ya antena iwe imeandikwa DVB-T2, ndiyo inayotumika Uganda.

Mwezi ujao tutajibu wale walioandika juu ya betri za sola zinazokufa usiku. Wenye betri hizo, angalieni tarehe mliyoinunua, mtuandikie.