Mwalimu Kwanza, Jezi Baadaye

Nimewasikia mara nyingi vijana wa Rumonge, wakiisha kushusha ndagala na kuzianika mchangani, wakilalama kwamba basketi ni mchezo wa Bujumbura, kwa kuwa huko ndiko kwenye viwanja na viatu, ilhali sisi hatuna ila ziwa na mawese. Haja ya uwanja ni haja ya kweli. Walakini nadhani tumeshika mkia tukaacha kichwa.

Hebu zitazameni habari za John McLendon, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1915 katika jimbo la Kansas. Mwaka 1933 aliingia Chuo Kikuu cha Kansas, ambako James Naismith, yule yule aliyebuni mchezo huu mwaka 1891 kwa kupigilia vikapu vya matunda kwenye roshani ya ukumbi, alikuwa yu hai bado. Kikosi cha chuo hakikupokea mtu mweusi, hata kijana huyo hakupata kukichezea abadani. Lau angeondoka kwa ghadhabu, nani angemlaumu? Yeye alimwandama mzee, akamsaili, akachota ilimu; na mzee, Mungu amlipe, hakumfungia mlango.

Akisomesha Durham, North Carolina, katika chuo cha weusi, aliwazoesha wanafunzi wake mbio, mpira ukinyakuliwa chini ya kikapu hiki uwe umefika cha pili kabla hasimu hajageuka, katika zama ambazo wengi walicheza kwa kujikokota. Tarehe 12 Machi 1944, Jumapili asubuhi, watu wa mji wakiwa kanisani, wazungu wa chuo cha utabibu cha Duke waliingia ukumbini mwake kwa siri, makoti vichwani, maana sheria za kusini zilikataza rangi mbili kuchanganyika. Milango ikafungwa, nao wakafungwa 88 kwa 44. Kisha wakagawana wachezaji, wakacheza tena weusi kwa weupe, jambo ambalo kwangu mimi lapita ule ushindi. Baadaye, na chuo cha Tennessee A&I, alitwaa ubingwa wa vyuo wa NAIA miaka mitatu mfululizo, 1957 hadi 1959.

Jumba la heshima la basketi lilimwingiza mwaka 1979 kwa mchango wake katika mchezo, lakini kwa ukocha wenyewe halikumtukuza mpaka 2016, naye amekufa tangu 1999. Tusiwacheke. Sisi nasi tukichanga fedha twanunua jezi kwanza, na kocha twamwambia ashukuru kwa kuwa anaupenda mchezo!

Basi, enyi wazee wenye boti na mashamba ya michikichi, mchango wa kwanza uwe posho ya mwalimu. Wakati upo: mwezi ukiwaka taa haziwavuti ndagala, boti hazitoki, na vijana huzurura, siku hizo na zitengwe kwa mazoezi. Mlingoti na pete ya chuma fundi wa kuchomelea atavitengeneza, huku mwalimu amekwisha kuanza kuwakimbiza vijana mchangani.