Tuunde kompyuta kwa mpango



Napenda kutoa maoni yangu juu ya jambo ambalo naona linawapotezea fedha vijana wengi pamoja na wazazi wao. Jambo lenyewe ni uundaji wa kompyuta ndogo za nyumbani.

Siku hizi kijana anayetaka kompyuta halazimiki kununua iliyokwisha kuundwa kiwandani. Anaweza kununua vifaa kimoja kimoja, akachukua bisibisi, akaiunda mwenyewe mezani. Hili ni jambo jema, nami naliunga mkono. Mtu aliyeunda chombo kwa mikono yake hujua kila kilichomo ndani, na siku kikiharibika hubadilisha kipande kilichoharibika badala ya kutupa chote. Tena kwa sisi tunaoishi katika vyumba vya kupanga, ambako meza ya chakula ndiyo hiyo hiyo ya masomo ya watoto, kompyuta ndogo ndiyo inayotufaa.

Linalonisikitisha ni kwamba wengi huanzia dukani. Kijana husikia kuna prosesa imepunguzwa bei, akakimbilia kuinunua. Mwezi unaofuata hununua kasha kwa sababu linapendeza. Mwezi wa tatu hununua bodi mama, yaani ule ubao unaobeba vifaa vyote, kisha ndipo anapogundua kwamba vitu hivyo havikubaliani. Waswahili walisema zamani kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa naona methali hiyo ikitimia.

Nimeshuhudia kijana mmoja wa mtaani kwetu akipatwa na mkasa huo. Alinunua vifaa vyake katika duka moja la mjini, lakini alipofika nyumbani feni ya kupozea prosesa ikawa ndefu kuliko nafasi iliyomo kashani, na kasha halikufunga. Aliporudi dukani akaambiwa kwamba boksi limekwisha kufunguliwa, kwa hiyo bidhaa hairudishwi. Fedha zile zilikuwa mkopo ambao mama yake aliuchukua katika kikoba, nao ulirejeshwa kila wiki wakati vifaa vimelala chini ya kitanda.

Si kwamba kijana yule hakuwa na akili. Mambo haya yana mitego kwa yeyote asiyepima kwanza. Kwa mfano, prosesa ya Ryzen 5 5600G iliyotoka mwaka 2021 huuzwa pamoja na feni yenye kimo cha milimita 54. Kasha dogo la DeskMini X300, ambalo ujazo wake haufiki lita 2, hupokea feni isiyozidi milimita 46. Vyote viwili ni vifaa vizuri, lakini milimita 8 tu zinatosha kuvitenganisha, na mnunuzi hulazimika kutafuta feni nyingine fupi. Aidha kasha hilo hutumia vipande vifupi vya kumbukumbu kama vile vya kompyuta za mapajani, wala si vile virefu vya kompyuta kubwa. Hayo yote yameandikwa katika maelezo ya watengenezaji, na mwenye rula na daftari huyajua kabla hajatoa hata senti moja.

Kwa hiyo napenda kuwashauri wale wanaoanza. Kwanza, mtu aandike kazi ambayo kompyuta itafanya. Kama ni kuandika barua, kutunza hesabu za duka, kusoma na kutazama masomo ya video, basi hakuna haja ya kadi ya picha. Kadi hiyo hula fedha, hula umeme, na hudai kasha kubwa zaidi.

Lakini hapo pana mtego wa pili. Zipo prosesa zenye uwezo wa kutoa picha zenyewe na zipo zisizo nao, na tofauti ya majina yao ni herufi moja tu. Ryzen 5 5600G hutoa picha, ila Ryzen 5 5600 isiyo na herufi G haitoi. Kwa upande wa Intel, Core i3-12100 hutoa picha, lakini i3-12100F haitoi. Anayechukua ile isiyo na picha kwa kuwa bei yake ni nafuu, akaiunganisha bila kadi, atakaa mbele ya skrini nyeusi.

Pili, tuache kudhani kwamba kitu kidogo lazima kiwe rahisi. Bodi ya aina ya Mini-ITX, ambayo kampuni ya VIA iliitangaza mwaka 2001, ina sentimita 17 kila upande, na kwa kawaida ina nafasi mbili za kumbukumbu na moja ya kadi. Bodi ya Micro-ATX ina sentimita 24.4 kila upande, nafasi zake huwa nyingi zaidi, na mara nyingi bei yake ni ndogo zaidi. Hali kadhalika vifaa vidogo vya kuingiza umeme vya SFX, ambavyo makasha mengi madogo huvihitaji, huwa ghali kuliko vile vya kawaida. Maoni yangu ni kwamba mwenye fedha kidogo achukue Micro-ATX katika kasha fupi. Atapoteza sentimita chache za meza, lakini fedha iliyobaki itamsaidia kununua diski nzuri.

Tatu, tusifanye ubahili katika kifaa cha umeme. Kompyuta isiyo na kadi ya picha na yenye prosesa ya wati 65 haihitaji kifaa cha wati 700; kile kizuri cha wati 300 hadi 450 kinatosha kabisa. Lakini kiwe cha kutegemewa, kwa maana kikiungua kinaweza kuunguza na vingine. Tena tukumbuke kwamba kompyuta ya mezani haina betri. Umeme ukikatika, kazi ambayo haijahifadhiwa imepotea. Kwa sababu hiyo betri ya akiba, ile ambayo mafundi huiita yupiesi, iingie katika daftari tangu mwanzo pamoja na skrini, kibodi na kipanya. Wengi huvisahau vitu hivi kisha hujikuta na kompyuta nzuri isiyo na skrini.

Nne, mtu aache mlango wa kesho wazi. Bodi yenye nafasi mbili za kumbukumbu inaweza kuanza na kipande kimoja cha gigabaiti 8, kisha cha pili kikaongezwa fedha ikipatikana. Mwishoni mwa mwaka 2025 bei za kumbukumbu zilipanda duniani, kwa kuwa viwanda vilielekeza nguvu nyingi kwenye mashine za akili bandia, kwa hiyo kuanza na kidogo si aibu. Ila ajihadhari: soketi ya AM4 iliyoanza mwaka 2016 hutumia kumbukumbu za DDR4, na ile ya AM5 iliyoanza mwaka 2022 hutumia DDR5 peke yake. Kipande cha aina moja hakiingii katika nafasi ya aina nyingine.

Najua wapo watakaosema kwamba ni afadhali kununua kompyuta ndogo ya ofisi iliyokwisha kutumika, kama zile za ThinkCentre Tiny zenye ukubwa wa kitabu kinene. Sipingani nao. Kwa mtu anayetaka kuandika na kusoma tu, hiyo yaweza kuwa njia bora, mradi aulize umri wake. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inadai prosesa za Intel za kizazi cha 8 au zaidi. Iliyo ya zamani kuliko hiyo yaweza kuwekewa Linux, ambayo hailipiwi. Lakini kijana anayetaka kujifunza ufundi, na kukuza mashine yake kidogo kidogo, huyo aunde.

Wasomaji wa umri wangu watakumbuka kwamba mwaka 1974 Serikali yetu ilizuia kuingiza kompyuta nchini bila kibali maalumu, baada ya mashine zilizotumika katika hesabu za Serikali kuleta matatizo makubwa. Wengine hulicheka jambo hilo leo. Mimi naona lina funzo ambalo halijachakaa, kwamba mashine ikitangulia na mpango ukafuata nyuma, hasara haikwepeki. Lililoisumbua wizara nzima wakati ule linaweza kumsumbua kijana mwenye chumba kimoja.

Mwisho natoa wito kwa pande tatu. Wenye maduka ya kompyuta waandike katika risiti jina kamili la kila kifaa, hata herufi ya mwisho, na wakubali kubadilisha kifaa kisichoingia iwapo hakijaharibiwa. Mteja aliyetendewa haki hurudi na huleta wenzake. Vyuo vyetu vya ufundi vifundishe kupanga na kupima kabla ya kufundisha kufunga skrubu. Na wazazi, kabla hatujatoa fedha za kikoba, tumwambie kijana atuletee karatasi yenye orodha nzima: jina la kifaa, kipimo chake, bei yake, na sehemu ya fedha itakayobaki kwa dharura. Asipoweza kuiandika orodha hiyo, hajawa tayari kununua. Akiweza, tumpe fedha bila kusitasita, kwa kuwa nusu ya kazi ameshaimaliza.

Mzazi,
Morogoro.