Mji wa Waliotua

Wapo watu wasemao kuwa Tabora ni mji wa wapita njia. Husema ulizaliwa na misafara, ukanenepa kwa misafara, na garimoshi lilipoufikia mwaka 1912 ukabaki kama gamba la nyoka aliyekwisha kwenda zake. Watu hao huhesabu heshima ya mji kwa majina ya wageni waliolala humo: Burton na Speke, waliofika Kazeh Novemba 1857 baada ya safari ya zaidi ya miezi minne kutoka pwani, Stanley, aliyefika mwaka 1871, na Livingstone, aliyekaa Kwihara mwaka 1872. Maneno hayo ni matamu masikioni, lakini yamekosa haki.

Lugha yenyewe huyakanusha. Kutua ni kuweka mzigo chini. Katika kutua hupatikana kutulia, na katika kutulia hupatikana utulivu. Jua hutua, ndege hutua, na mpagazi hutua. Wala hapana aliyepata kusema kuwa ndege akitua ameshindwa kuruka. Basi adhaniye kuwa mtu aliyeacha safari amekwisha kufa kabla ya kifo chake hupingwa na kinywa chake mwenyewe.

Mnyamwezi aliyebeba pembe mpaka Bagamoyo hakwenda kutazama bahari. Alikwenda kwa ujira, na mzigo wa kadiri ya frasila mbili begani. Nyuma yake lilibaki shamba, na katika shamba walibaki watu wenye jembe, wengi wao wanawake. Kama wao wasingalilima, yeye asingalikuwa na mahali pa kurudi, na msafara usingalikuwa na chakula njiani. Kwa hiyo hata mwendo wenyewe ulisimama juu ya miguu ya waliokaa.

Mpinzani atajibu kwa methali: mkaa bure si sawa na mtembea bure. Methali ni ya kweli, ila aisome yote. Inayemlaumu ni akaaye bure, wala si kila akaaye. Msafiri maarufu kuliko wote waliopita njia ile aliishi kwa fadhila ya wakaaji. Tangu Februari mpaka Agosti 1872 Livingstone alingoja Kwihara watu wa kumpeleka mbele, na alingoja chini ya dari ya tembe asiyoijenga. Leo nyumba hiyo ni makumbusho, na hujulikana kwa jina la mgeni aliyekaa humo miezi michache. Hivyo mgeni amepewa nyumba, na mwenyeji amenyimwa hata jina!

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Hamed bin Muhammed, ajulikanaye kwa jina la Tippu Tip, alizunguka bara miaka mingi akifuata pembe na watumwa. Kisha alitua Unguja, akaandika maisha yake kwa Kiswahili, akafa mwaka 1905. Kama asingaliketi, kitabu kile kisingalikuwapo. Hii ni hoja ya kusifu kutua, nayo yapasa kukubaliwa. Lakini haki haiishii hapo. Utulivu wa mzee yule katika nyumba yake ya mawe ulinunuliwa kwa miguu ya watu ambao hawakuulizwa kama walitaka kusafiri. Wako waliotolewa Manyema kwa nguvu wakaishia Unyanyembe, mbali na makaburi ya baba zao. Utumwa uliondolewa kwa sheria katika Tanganyika mwaka 1922 tu. Hao nao walijenga vibanda, wakaoa, wakalima, wakafanya kwao mahali wasipopachagua. Basi kutua kwa kila mtu kupimwe kwa swali moja: mzigo aliuweka chini, au alimtwika mwingine?

Husemwa tena kuwa miembe ya Tabora ni alama ya misafara, kwamba wapagazi walikula maembe wakatupa kokwa. Na iwe hivyo. Kokwa huweza kutupwa na yeyote apitaye, lakini mche hutaka mtu wa kuuzuilia mbuzi, wa kuumwagia maji wakati wa kiangazi, na wa kungoja miaka mingi kabla ya tunda la kwanza. Mpita njia hana miaka hiyo. Mwembe uliokomaa ni ushahidi wa mtu aliyekaa.

Leo mgeni aulizaye Kitete huonyeshwa hospitali. Humo huzaliwa watoto ambao hawana msafara nyuma yao. Ni vibaya kuwafundisha watoto hao kuwa mji wao ulipata maana siku mzungu fulani alipofunga hema, na kuwa babu zao walikuwa mabega tu. Walimu wa Kitete, Gongoni na Kanyenye wawatume wanafunzi kwa wazee wa majumbani mwao, waulize nani wa kwanza katika ukoo alitua hapa, alitoka wapi, na alitua kwa hiari au kwa kulazimishwa. Majibu yaandikwe wakati wazee wangali hai. Na kila apelekaye watoto Kwihara, kabla ya kutaja jina la aliyelala katika tembe, awaulize kwanza ni nani waliokanda udongo wake.